Bunge la Afrika Mashariki: livunjwe au lipewe meno?

Wakuu, hoja imerudi tena: Bunge la Afrika Mashariki (EALA) livunjwe. Wanaoitetea wanasema wabunge wake hawakupigiwa kura na mwananchi yeyote, wanakula posho Arusha, na ukimuuliza mtu mtaani wamefanya nini hakupi jibu. Mimi napinga. Ila tusijadili hewani. Nawaletea mbunge mmoja, tumpime.

Ni Patricia Hajabakiga wa Rwanda. Kabla ya EALA alikuwa waziri wa nchi aliyeshughulikia ardhi na mazingira huko kwao. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka huohuo yeye akaingia EALA. Alikaa vipindi viwili hadi 2017. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hauruhusu cha tatu. Jambo aliloling'ang'ania ni muswada wa kudhibiti mifuko ya plastiki katika Jumuiya nzima, muswada binafsi, yaani wa kwake kama mbunge na si wa serikali.

Kwa nini asiridhike na katazo la kwao? Fikirini mpaka wa Rusumo, kati ya Rwanda na Tanzania, au Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda. Rambo ya kwetu Tanzania, juala la Kenya, kaveera ya Uganda, vyote ni kitu chepesi kinachokunjwa hadi kikaenea kiganjani na kufichwa popote. Kukipitisha kwa magendo ni rahisi kuliko kupitisha sukari. Nchi ikikataza huku jirani anaendelea kuzalisha, iliyokataza itapekua mizigo miaka yote. Hakuna bunge la Kigali wala la Dodoma linaloweza kulitatua hilo peke yake. Bunge la kanda liliundwa kwa mambo ya namna hii hasa.

Muswada ule ukazungushwa. Uliahirishwa, Baraza la Mawaziri la Jumuiya likaomba muda, baadaye ukaletwa upya. Wenye viwanda walitaja ajira na mitaji yao, na sidharau hoja hiyo, maana kiwanda kikifungwa kuna watoto wanaokosa ada. Lakini tazameni kilichotokea kwa kukosa sheria moja. Zanzibar ilikuwa imekataza tangu 2006. Kenya ikakataza tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Uganda iliweka katazo kisheria mwaka 2009 na kaveera bado zikaendelea kuuzwa. Na hapa kwetu, baada ya rambo kuondoka, vile vifungashio laini vya kufungia bidhaa vikageuzwa mifuko ya kubebea nyanya sokoni, mpaka NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikalazimika kuvikemea mwaka 2021. Kila nchi ilishona kiraka chake.

Sasa kuna watakaosema: umeona, ameshindwa, kwa hiyo bunge halina maana. Hapo ndipo tunapoachana. Hata muswada ule ungepita mapema, ungekutana na Kifungu cha 63 cha Mkataba. Muswada haugeuki sheria mpaka wakuu wa nchi zote wauridhie. Mmoja akikataa unarudishwa. Ukipelekwa tena na mmoja tu akakataa tena, umekufa. Mbunge anayefanya kazi ndani ya utaratibu huo unamlaumu kwa lipi?

Na hata huo mlango wa muswada binafsi haukufunguliwa kwa hisani. Mwaka 2005 wabunge watatu, Calist Mwatela, Lydia Wanyoto Mutende na Isaac Sepetu, waliishtaki Jumuiya katika Mahakama ya Afrika Mashariki baada ya Baraza la Mawaziri kujitwalia miswada yao. Mahakama ikawapa haki yao mwaka 2006. Nawaheshimu sana watu hawa, na inaniuma kwamba wengi wetu hatujawahi kuwasikia.

Kuhusu kura, nakiri nyinyi mna hoja nzito. Kifungu cha 50 kinalipa bunge la kila nchi kazi ya kuchagua wabunge tisa, na sote tuliona Dodoma, Aprili 2017, wagombea wawili wa Chadema, Wenje na Masha, walivyopigiwa kura za hapana na wabunge wa chama kingine. Ule ulikuwa uteuzi wa wenye wingi, haukuwa uchaguzi. Lakini je, kura ya moja kwa moja ingetuletea mtu wa aina ya Hajabakiga? Mtaalamu wa mazingira anayezungumzia mifuko, kwenye jukwaa moja na mwenye fedha za kampeni? Zamani nilikuwa naunga mkono kura ya wananchi bila shaka lolote, siku hizi nasita.

Ninachokitaka ni Mkataba urekebishwe, rais mmoja asiweze kuzika muswada uliopitishwa, na Baraza la Mawaziri liwekewe ukomo wa kuomba muda. Na Kifungu cha 65, kinachotaka kumbukumbu za mijadala ya EALA zifikishwe kwenye mabunge ya nchi, kifuatwe kwa namna ambayo sisi wananchi tutaiona, kwa Kiswahili.

Anayetaka livunjwe anijibu hili moja: magendo ya plastiki pale Gatuna yatazuiwa na bunge lipi? Na ndugu zetu wa Uganda, tuambieni, kaveera bado mnafungiwa nazo dukani?