Naomba ushauri: kutumia Git katika mradi ambao hazina yake kuu ni ya Subversion

Mleta uzi
Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Ninachangia mradi wa programu huria ambao msimbo wake umehifadhiwa katika hazina moja ya Subversion (mfumo wa kutunza historia ya msimbo kwenye seva moja), na hivi karibuni nimepewa ruhusa ya kukomiti, yaani kuandikisha mabadiliko kwenye hazina hiyo. Nilipo, intaneti hukatika mara kwa mara, na ikikatika siwezi kukomiti wala kusoma historia ya faili, kwa kuwa yote mawili hupitia kwenye seva. Ndiyo maana nilihamia git svn, chombo kinachoniwezesha kukomiti kwa Git kwenye kompyuta yangu bila mtandao, kisha kuziwasilisha komiti hizo kwenye Subversion baadaye. Wiki iliyopita niliunganisha tawi langu la majaribio (mkondo wa kazi wa kando) na tawi kuu kwa git merge kisha nikawasilisha, na komiti zangu 12 zikaonekana kwenye hazina kuu kama komiti moja kubwa isiyokagulika. Je, niendelee au nirudi kwenye Subversion pekee?

Fundi Msimbo
Ndugu, usirudi nyuma. Kosa lipo kwenye merge tu. Hazina ya Subversion huhesabu mabadiliko kwa mstari mmoja wa namba, ilhali Git hukubali komiti yenye wazazi wawili, na chombo cha git svn kikikutana na komiti ya namna hiyo humfuata mzazi wa kwanza na kuyakusanya yaliyobaki kuwa badiliko moja. Kabla ya kuwasilisha, toa git svn rebase ukiwa kwenye tawi lako, ili komiti zako zipandikizwe upya juu ya hali ya sasa ya seva, kisha toa git svn dcommit (amri ya kuwasilisha) pamoja na --dry-run, ambayo hujaribu tu bila kutuma chochote, uone ni zipi zitakazokwenda na zinakwenda tawi gani. Ukiridhika, ondoa --dry-run, na kila komiti itapata namba yake.

Msomaji wa Historia
Naongeza jambo ambalo liliwahi kunigharimu siku mbili za kazi. Amri ya dcommit huandika upya kila komiti kwa kuiongezea mstari wa git-svn-id, hivyo alama yake ya utambulisho hubadilika, na mwenzako aliyekwisha kuchukua tawi lako hubaki na nakala zisizolingana na zako. Matawi unayokusudia kuyawasilisha yabaki kwako. Mwenzako mtumie viraka (faili zenye mabadiliko yako) kwa git format-patch. Na kwa kuwa intaneti yako ni dhaifu, kumbuka kwamba git svn clone huvuta historia badiliko moja baada ya jingine, kwa hiyo anzia namba ya karibuni kwa kutumia -r, au mwombe mwenye intaneti nzuri akunakilie folda nzima kwenye flashi.

Mchangiaji Mkongwe
Njia hii ina wenyewe. LLVM, mradi wa zana za kutengeneza vikusanyaji (compilers), ilieleza matumizi ya git svn katika nyaraka zake hadi ilipohamia Git kikamilifu Oktoba 2019, na WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, mpaka leo hupokea mapendekezo kupitia GitHub (tovuti ya kuhifadhi hazina za Git) huku komiti rasmi zikiingia kwa Subversion.

Mleta uzi
Nawashukuru sana. Nimejaribu --dry-run jioni hii kwenye tawi jipya lenye komiti tatu, nazo zimeorodheshwa moja moja kuelekea trunk, yaani tawi kuu la Subversion. Nimemwandikia mkaguzi kumweleza kilichotokea na kumwomba aniruhusu kuliondoa lile badiliko kubwa, ili nizilete upya zile 12 kwa mpangilio wake.