Mgombea wako akikwepa mdahalo wa runinga, unamchukuliaje?

MamaMbaazi (Kongowea) anauliza:

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote. Swali langu ni kwa waliopiga kura Kenya, ingawa jirani mwenye la kusema namkaribisha. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na tayari hapa kwangu watu wanabishana kama midahalo ya wagombea urais ina faida yoyote kwa mwananchi. Nataka kujua mambo mawili. Kuna mdahalo uliowahi kukutoa kwa mgombea mmoja ukakupeleka kwa mwingine, au hata kukutia shaka tu? Na mgombea wako mwenyewe akikataa kuja, unamchukuliaje?

Nina hoteli ndogo karibu na soko la Kongowea. Asubuhi mahamri kwa mbaazi, jioni chai, chapati na maharagwe. Runinga iko ukutani, na kwa kawaida ni mpira au taarifa ya saa moja. Usiku wa tarehe 19 Julai 2022, wagombea wenza walipokutana pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, nilidhani wateja watalipa waende zao. Wakabaki. Kulikuwa na wachukuzi wa sokoni, akina mama wa nyanya na vitunguu, na vijana wawili wa mkokoteni waliouegesha nje mlangoni. Martha Karua, mwenza wa Raila Odinga, akimbana Rigathi Gachagua, mwenza wa William Ruto, meza za upande huu zinapigwa. Gachagua akijibu, zinapigwa za upande ule.

Baadaye kelele zikapungua, na kila mara nasikia, "Mama, amesemaje?" Karibu kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Nikazima jiko nikasimama chini ya runinga nikawa mkalimani, na kwa kweli nilikuwa nachelewa. Nikimaliza jibu moja, wao wameshafika la tatu. Hawa ni watu wanaopanga foleni alfajiri ili wapige kura. Inaniuma kwamba wanaoombwa kura kwa Kiswahili kwenye mikutano ya hadhara, tena kwa vipaza sauti mpaka usiku, wanafafanuliwa sera kwa lugha wanayoidaka nusu nusu.

Lakini lililonikata zaidi lilikuja wiki moja baadaye, tarehe 26, kwenye mdahalo wa wagombea urais wenyewe. Sifichi, mimi nilikuwa upande wa Azimio, muungano wa Raila. Raila hakuja. Kambi yake ilisema hatapanda jukwaa moja na mtu asiyejali maadili. William Ruto akasimama peke yake saa moja na nusu mbele ya waandishi wa habari Yvonne Okwara na Eric Latiff. Kabla ya hapo, kwenye zamu ya wagombea wadogo, David Mwaure naye alikuwa peke yake, kwa sababu George Wajackoyah alifika akaondoka, akitaka wote wanne wawekwe jukwaa moja. Wagombea wanne, na hakuna hata wawili walioulizana swali.

Na wiki ile nilikuwa na swali langu. Unga wa mahindi wa kilo mbili ulikuwa umepita shilingi 200. Serikali ikatangaza utauzwa 100. Nilizunguka maduka yote ninayonunua, wa 100 sikuupata. Nilitaka nani ajibu? Ruto alikuwa naibu wa rais wa serikali ileile, na Raila alikuwa anaungwa mkono na rais wa serikali ileile. Kila mmoja alikuwa na njia ya kumtupia mwenzake mzigo, na njia pekee ya kujua nani anasema kweli ilikuwa kuwasimamisha pamoja, huyu akisema lake mwenzake amrudi papo hapo. Hilo tulinyimwa, na aliyetunyima ni mtu niliyempenda mimi. Ndiyo maana nauliza.

Boda_Likoni:

Mama, heshima kwako. Mimi mdahalo niliuona kwa simu, vipande vipande. Usiku uleule nikatumiwa video ya Karua "akimmaliza" Gachagua, na baada ya dakika chache video ya Gachagua "akimmaliza" Karua. Kila kambi imekata dakika zake. Hakuna rafiki yangu hata mmoja aliyeangalia mwanzo hadi mwisho.

Petroli ilikuwa karibu shilingi 160 lita. Hiyo ndiyo iliyoniamulia kura, wala sikuhitaji mtu wa suti anieleze. Mdahalo ni wa watu ambao tayari wana mtu wao, wanatafuta tu maneno ya kutambia.

Mwalimu_Taveta:

Dada MamaMbaazi, asante kwa swali. Na wewe Boda, nakuelewa, ila tukumbuke 2013.

Ule ndio mwaka wagombea wote wanane walisimama pamoja, mara mbili. Wa kwanza ulikuwa tarehe 11 Februari pale shule ya Brookhouse, Nairobi, Linus Kaikai na Julie Gichuru wakiuliza. Asiye na runinga alisikiliza redio, maana stesheni kubwa karibu zote ziliupeperusha kwa wakati mmoja. Ukipita madukani usiku ule hapa Taveta, sauti ni ileile mlango hadi mlango.

Sasa mtazame Mohammed Abduba Dida. Mwalimu mwenzangu, hakuwa na chama kikubwa wala helikopta. Waandaaji mwanzoni walikuwa wamepanga watu sita. Paul Muite akaenda mahakamani kudai nafasi, na mwishowe yeye na Dida wakaingizwa. Asubuhi yake wanafunzi wangu walikuwa wanarudia majibu ya Dida neno kwa neno. Kura zilipohesabiwa alipata 52,848. Utasema ni kidogo, na Uhuru Kenyatta, aliyeshinda, alipata zaidi ya milioni sita. Lakini Dida alimpita Martha Karua, waziri wa zamani aliyekuwa bungeni miaka mingi, akampita James ole Kiyiapi, na Muite mwenyewe. Kabla ya 11 Februari ni nani nje ya watu wake alikuwa anamjua? Hizo kura zilitoka kwenye mdahalo. Sioni kwingine zilikotoka.

Halafu kuna la pili, na hili ni letu watu wa huku. Mdahalo wa tarehe 25 Februari ulikuwa na sehemu ya ardhi. Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza hatarudi, kisha akaja, na kwa hilo namsifu mpaka leo. Akaulizwa kuhusu mashamba ya familia yake. Akajibu kwamba Taita Taveta wana ekari kama 30,000, na kwamba ardhi ya familia ilinunuliwa kwa makubaliano ya muuzaji na mnunuzi.

Nilikuwa nimekaa na wazee dukani. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja, ambaye maisha yake yote amelima mahali asipokuwa na hati, aliomba sauti iongezwe, lakini jibu lilikuwa limeshapita. Akatuuliza tumrudilie ile namba. Tukamrudilia. Kwa mtu wa mbali hiyo ilikuwa namba ya kwenye habari. Kwetu ni mkonge tunaouona kila siku, mstari baada ya mstari, na pembeni yake watu wamebanana kwenye vipande visivyowatosha.

Kura hazikugeuka hapa. Kaunti yetu haikuwa yake kabla ya mdahalo wala baada yake. Lakini tangu siku ile, kwenye baraza la chifu, kwenye mkutano wa mbunge, yeyote aliyezungumzia ardhi ya Taveta hakuhitaji tena kusema "inasemekana". Alisema "mwenyewe alisema, mbele ya nchi nzima." Miaka mingi tulikuwa tunabishana na uvumi. Ndiyo faida ninayoiona mimi, Boda. Mtu akija pale anaacha maneno yake, na wewe unaweza kuyachukua ukaenda nayo ofisini baadaye. Asipokuja, hana alichoacha.

MamaMbaazi:

Mwalimu, umenifunza. Kumbe nilikuwa natazama kura tu. Na sasa nazidi kukasirika, maana nikitaka leo kumkumbusha mtu wa Azimio alichoahidi usiku ule kuhusu unga, sina pa kushika.

Boda mwanangu, wewe umesema petroli. Hukutaka kuwasikia wawili wale wakiulizwa kuhusu petroli, bega kwa bega?

Boda_Likoni:

Hapo sina jibu, Mama. Ningetaka.

Nyeri_Kahawa:

Nimesoma nikaona nijibu lile swali la pili, kwa sababu mimi nilikuwa upande ule mwingine. 2017 nilikuwa Jubilee damu, chama cha Uhuru. Tarehe 24 Julai, ukumbi uleule wa Chuo cha Kikatoliki, Uhuru hakuja na Raila akajibu maswali peke yake. Kwa hivyo dada, kabla hujalia na Raila wa 2022, jua kwamba sisi tulitangulia kufanyiwa hivyo na wetu.

Unajua tulifanya nini? Tulimtetea. Kwenye mazishi, kwenye kiwanda cha kahawa, kwenye matatu, tulisema rais ana kazi, rais ana miradi, barabara zinaonekana, anaenda kujibizana na nani? Mimi mwenyewe nilisema hayo kwa mdomo huu na niliyaamini. Akatangazwa mshindi kwa asilimia 54.27. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi ule tarehe 1 Septemba, lakini hilo lilihusu namna matokeo yalivyopeperushwa, mdahalo haukuwamo. Mshauri yeyote wa mgombea aliyetazama 2017 aliona kitu kimoja: ukikwepa, watu wako watakufunika. Basi 2022 wengine wakafanya vilevile. Safari hii aliyekwepa akashindwa, 48.85 kwa 50.49, lakini sijasikia hata mmoja akisema alishindwa kwa sababu ya kukwepa. Kwa hivyo adhabu haijawahi kutoka kwetu. Mpinzani wako akikwepa unapiga kelele, wako akikwepa unamtafutia sababu. Wakijua hivyo watakuja kwa nini? Sheria haimlazimishi mtu.

Ile hasira uliyo nayo na mtu wako, dada, ndiyo niliyoikosa huku kwetu 2017. Usiipoteze.

Mdau_Dodoma:

Wakuu, naingia kidogo kutoka Tanzania. Mwenzenu nawaonea wivu kwa kuwa angalau mmoja wa wakubwa anakuja. Huku 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wagombea wanne Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walikaa wakaulizwa, na kwa Kiswahili. Nilikuwa kijana, mzee wangu aliyeishia darasa la nne alifuatilia mwanzo mwisho na kubishana na kila jibu. Hakuhitaji mkalimani. Baada ya hapo chama tawala CCM kkikaona hakina haja. 2010 wagombea wake walizuiwa kushiriki midahalo. 2015 tulipata mdahalo, akaja Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo na Hashim Rungwe wa CHAUMMA na wengine, lakini Magufuli na Lowassa, ambao nchi nzima ilikuwa inawazungumzia, hawakutokea. Mama Mghwira alijieleza vizuri sana siku ile, Mungu amrehemu. Watu wengi walimsifu kisha wakarudi kwa wale wawili.

Kwa hiyo suala la lugha linawezekana kabisa, tena kwa kina. Hilo msikubali kuambiwa ni gumu.

MamaMbaazi:

Ahsanteni sana. Nyeri_Kahawa, nakushukuru kwa kusema wazi, na nimekaa na maneno yako tangu jana. Mdau, mambo ya mzee wako nimewasomea wateja, wamefurahi.

Nimefikia hivi. 2027 mgombea urais asiyekuja mdahaloni hatapata kura yangu, awe nani, awe ametoka wapi, hata akiwa ndiye niliyemwimbia. Nimeshamwambia mume wangu na dada zangu, na dada mmoja hajakubali, tunaendelea naye. Nafikiri tuanze chini pia. Hapa Nyali wagombea ubunge na wa wadi ya Kongowea hawana sababu ya kukimbia. Ukumbi upo, na wengi wao wanakunywa chai kwangu. Nitawauliza mmoja mmoja, na atakayekataa nitamwambia nitawajulisha wateja kwamba amekataa.

La kitaifa linahitaji barua. 2022 mdahalo uliandaliwa na Baraza la Vyombo vya Habari pamoja na wamiliki wa vyombo na wahariri, kwa hivyo iende kwao, na mapema. Naona iombe mambo matatu. Nusu ya mdahalo iwe Kiswahili, na maswali ya bei ya chakula na ardhi yawe ndani ya nusu hiyo. Wagombea wasigawanywe kwa kura za maoni, yaani yule aliye chini ya asilimia 5 kutengwa na wakubwa. Dida angetupwa huko tusingemsikia, na Wajackoyah, hata kama sikupenda sera zake, kwa hili alikuwa na haki. Na asiyekuja, maswali aliyoandaliwa yasomwe yote hewani, moja moja, ili tujue nini hakutaka kuulizwa.

Mwalimu wa Taveta, wewe una kalamu. Waweza kuiandika rasimu uiweke hapa kabla ya mwisho wa mwezi? Boda na wenzake wa steji wataipitisha Likoni, mimi naichapisha na kuiweka mezani hotelini watu waisome wakisubiri chai na kutia sahihi. Nyeri_Kahawa, kama unaweza kupata hata watu ishirini wa huko kwenu watie sahihi barua hiyohiyo, itakuwa na uzito kuliko ya Mombasa peke yake.