Unyenyekevu wa mtumishi kanisa likijaa, na likipukutika

Muulizaji, Mbagala
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tunaandaa semina ya wachungaji wa matawi. Unyenyekevu kila mtu anauhubiri, mimi natafuta vitu vya kufanya. Tawi moja limejaa hadi watu wanakaa nje chini ya turubai. Jingine limebaki na familia nne na kodi ya ukumbi inadaiwa. Hawa wawili wafundishwe nini?

Mhazini wa Kimara
Amina. Anza na fedha. Sadaka ihesabiwe palepale, siku ileile, na watu watatu wasio ndugu, na fomu isainiwe kabla hela haijatoka mlangoni. Lipa namba iwe ya jina la kanisa. Namba ya mchungaji ikikaa kwenye bango, hata awe mwaminifu vipi, waumini wataona wanamtolea yeye, na taratibu naye ataona hivyohivyo. Paulo hakubeba mchango peke yake. 2 Wakorintho 8:18-21, makanisa yalichagua mtu wa kusafiri naye ili wasilaumiwe.

Mwalimu wa waongofu, Ukonga
Na hesabu ya watu pia. Mikono 300 ikinyooshwa kwenye mkutano wa hadhara, taarifa isiseme "waliookoka 300". Iandike walionyoosha mikono, kisha wiki ya sita iandike wangapi bado wanahudhuria mafundisho. Hiyo ya pili ndiyo ya kusoma mbele ya wazee. Shangwe za umati hazikai: kule Listra, Matendo 14, Paulo aliitwa Herme, jina la mungu wao, na ndani ya sura hiyohiyo akapigwa mawe.

Huyu wa familia nne msimwite kwenye tathmini wiki hii. Eliya (1 Wafalme 19) alilala, akala, akalala tena, akala, swali la "unafanya nini hapa?" aliulizwa baadaye, kwenye mlima Horebu. Akishapumzika, achore karatasi safu mbili. Ya kwanza, yaliyokuwa mikononi mwake: hakutembelea wagonjwa, ibada ya saa tatu ilianza saa nne. Ya pili, yasiyo yake: mwenye ukumbi kupandisha kodi, barabara kujaa maji. La safu ya kwanza aliombe radhi kwa kulitaja, si "kama kuna niliyemkwaza". La pili aliache. Anayejilaumu kwa yote bado anaamini kila kitu kilimtegemea yeye.

Mwanakwaya, Tegeta
Mzee mhazini, shikamoo. Ila wapo wasiogusa hata shilingi na bado hawakamatiki. Angalieni kile kiti kikubwa cha mbele! Mara moja kwa mwezi mchungaji akae benchi, mwingine ahubiri, na asipewe nafasi ya kuongeza "maneno machache". Hayo machache ndiyo hufuta mahubiri ya mwenzake. Akisifiwa, aseme asante, amtaje aliyefunga spika alfajiri. "Utukufu kwa Mungu" ya haraka haraka wengi wanaitumia kuomba sifa ya pili.

Mhazini wa Kimara
Marahaba. La kiti nakubali.

Muulizaji, Mbagala
La "maneno machache" naliandika kwenye ratiba. Siku hiyo ya benchi, aliyebaki na familia nne anaweza kuja kuhubiri kwenye lile lililojaa?

Mwalimu wa waongofu, Ukonga
Anaweza. Na huyu wa turubai, badala ya benchi, aende Jumapili hiyohiyo akahubirie zile familia nne. Kwaya yake aiache nyumbani.