Mchicha, kuku wa nyama au kitalu? Kiwanja cha futi 50 kwa 100, Kisauni, Mombasa

Wa_Kisauni: Salaam aleikum. Nina kiwanja cha futi 50 kwa 100. Nyumba imekula nusu, nyuma pamebaki uwanja mtupu na kisima cha maji ya chumvichumvi. Kibarua cha bandarini kimekwisha, sasa nataka uwanja huu unilishe. Nimekwama kati ya mchicha na kuku wa nyama. Mliojaribu, nambieni kweli.

Bi_Matuta: Waaleikum salaam mwanangu. Mimi mchicha, Mishomoroni. Wiki tatu au nne unang'oa, asubuhi hiyohiyo umeuza, na mbegu si ghali. Lakini kabla hujahesabu faida, hesabu maji. Tuta la mita 1 kwa 10 wakati wa kiangazi hunywa lita 40 hadi 50 kwa siku, yaani mitungi miwili na ushei. Matuta matano je? Mfereji ukikauka ukaanza kununua ya mkokoteni, ujue unamlimia mwenye mkokoteni.

Kuku_Changamwe: Hapo kuku ndio wanashinda. Kuku 100 wakubwa hawamalizi mitungi miwili kwa siku. Kinachokula pesa ni chakula: kila mmoja hula kama kilo tatu na nusu mpaka afike kilo mbili, kwa hiyo 100 ni mifuko saba ya kilo 50, na yote unainunua kabla hujauza hata mmoja. Halafu joto. Banda langu la kwanza niliezeka mabati. Mwezi wa pili, mchana mmoja, nikaokota kuku 31 wamekufa. Sasa nimeezeka makuti, kuta ni wavu, na ubavu mrefu unatazama kaskazini na kusini ili jua lisiingie. Chakula naondoa saa nne asubuhi, narudisha jioni. Na chanjo ya kideri usiiruke.

Mzee_Likoni: Harufu hujaitaja ndugu yangu. Mimi nilifikishwa kwa chifu na jirani ambaye kila Idi alikuwa anataka kuku wa bei ya udugu.

Kuku_Changamwe: 😂 Tandaza maranda makavu bandani, mzee. Yakilowa ndiyo hunuka.

Kitalu_Bamburi: Mbona hamtaji miche? Mpapai, mdimu, maua, napanga kando ya barabara. Mchicha usipouzwa leo kesho umenyauka, mche wangu usipouzwa leo kesho umekua. Ila wateja huja kwa wingi mvua za mwaka zikianza, Aprili. Miezi mingine unakaa na kiti chako.

Bi_Matuta: Wa_Kisauni, chukua mabeseni mawili, panda mchicha. Moja nywesha maji ya kisima, jingine ya mfereji. Usitoboe mfuko kabla ya kuona.

Wa_Kisauni: Nimerudi, siku 18 baadaye. La kisima limeota, lakini majani ni madogo na kingo zimeungua. La mfereji tumeshalipika na nazi.

Kuku_Changamwe: Basi hata kuku usiwape hayo maji, wataharisha na maranda yatalowa.

Wa_Kisauni: Paa langu la mabati lina mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,200. Nanunua tangi kwanza, halafu matuta mawili tu, na kuku 30 chini ya makuti. Mbolea yao itaingia kwenye mchicha.

Bi_Matuta: Iozeshe kwanza. Mbichi itakuunguzia miche kuliko hata hicho kisima.