Uchovu, hasira na huzuni baada ya kujifungua: je, ni madini yamepungua mwilini?

BabaAchieng, Kisumu

Habari zenu wanajukwaa. Tunaishi Mamboleo, na mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili mwishoni mwa mwaka jana. Uzazi wenyewe haukuwa mwepesi, kwa kuwa alivuja damu nyingi kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Tangu hapo amebadilika: huamka akiwa amechoka hata siku ambazo mtoto amelala vizuri, hukasirishwa na mambo madogo, husahau alilokuwa akilifanya, na jioni nyingine hukaa kimya hadi ndugu wakaanza kuniuliza iwapo tumegombana. Isitoshe, bado anatafuna odowa, yale mawe laini ya udongo, karibu kila siku, zile zinazouzwa soko la Kibuye, ilhali nilidhani hamu hiyo huisha mimba inapoisha.

Juzi muuzaji wa duka moja la dawa alituambia kwamba hayo yote ni "upungufu wa madini ya ubongo", akatuonyesha chupa ya vidonge ambavyo kila kimoja kina chuma, kalsiamu, zinki, magnesiamu, seleniamu na mengineyo, kwa bei inayokaribia matumizi yetu ya chakula ya wiki nzima. Mama mkwe naye anasisitiza kwamba ni uchovu wa kunyonyesha tu, na kwamba uji na mboga za kienyeji vitatosha. Ningependa kujua kutoka kwa wenye ujuzi: ni kweli kwamba madini ya chakula yanaweza kubadilisha hali ya moyo ya mtu, na ikiwa ni kweli, ni yapi hasa? Je, chupa ile ina maana yoyote?

Muuguzi_Nakuru

Ndugu BabaAchieng, poleni sana. Nianze na lile ambalo haliwezi kungoja vidonge. Mama aliyejifungua karibuni, ambaye amechoka, ana hasira na ananyamaza, anaweza kuwa na sonona (ugonjwa wa huzuni kali) ya baada ya uzazi, anaweza kuwa na upungufu wa chuma, na mara nyingi ana vyote viwili kwa pamoja, kwa maana dalili zake zinafanana mno. Kliniki nyingi hutumia dodoso la Edinburgh, ambalo lilitungwa mwaka 1987 na lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita; swali la mwisho linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Muulize jambo hilo wewe mwenyewe, kwa upole na mkiwa peke yenu, na akikujibu kwamba mawazo hayo yapo, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo.

Sasa nije kwenye madini. Chuma ndicho ningekitafuta kwanza kwa mama huyu, kutokana na damu aliyoipoteza. Watu wengi wanajua kwamba chuma hubeba hewa ya oksijeni ndani ya damu, lakini ubongo nao unakihitaji moja kwa moja: vimeng'enya viwili vinavyoanzisha utengenezaji wa dopamini na serotonini, kemikali za ubongo zinazohusika na hali ya moyo, havifanyi kazi bila chuma. Uchunguzi mmoja uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2005 uliwafuata akina mama waliokuwa na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma baada ya kujifungua, na wale waliopewa chuma walipungukiwa na huzuni na mfadhaiko kuliko wenzao ambao hawakupewa. Si kila huzuni ya mzazi inaponywa na kidonge cha chuma, lakini ni kosa kuitibu huzuni huku damu haijapimwa.

Vipimo vyenyewe ni viwili. Hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, hupimwa hata katika vituo vidogo vya afya, na kwa mwanamke asiye mjamzito, kiwango kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Feritini huonyesha akiba ya chuma mwilini. Hemoglobini ni unga ulio jikoni, feritini ni mahindi yaliyo ghalani, na ghala linaweza kuwa tupu wakati jikoni bado kunapikwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni dalili ya ukosefu. Hata hivyo sisi tunaoishi ukanda wa malaria lazima tuwe waangalifu, kwa sababu homa na maambukizi huipandisha feritini juu kwa uongo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza mpaka uwe mikrogramu 70 kwa mtu mzima mwenye maambukizi.

Kuhusu odowa, usimkemee. Hamu ya kula udongo au mawe laini ni ishara inayojulikana ya upungufu wa chuma, na uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watoto wa shule huko Nyanza umeihusisha tabia hiyo na upungufu wa damu. Tatizo ni kwamba udongo huo haumwongezei chuma kinachofyonzwa vizuri, unaweza kuzuia hata kile kilichomo katika chakula, na wakati mwingine hubeba mayai ya minyoo. Ombeni kipimo cha choo pia.

MamaLishe_Kakamega

Namuunga mkono muuguzi, na ningependa kumtetea kidogo mama mkwe, kwa sababu mboga za kienyeji si jambo la kudharauliwa. Managu, saga na kunde zina chuma na magnesiamu. Shida iko katika sahani nzima. Chuma cha mboga hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko kile cha nyama na samaki, ugali wa mahindi na maharagwe vina faitati zinazokamata chuma na zinki tumboni, halafu nyumba nyingi za huku humimina chai ya maziwa mtu akiwa bado anamega tonge. Tanini za chai hukamilisha kazi hiyo ya kuzuia. Ningeanzia hapo, kwa sababu hapagharimu chochote: chai ingojee angalau saa moja baada ya chakula, na nafasi yake mezani ichukuliwe na kipande cha limau, pera, au kachumbari ya nyanya mbichi, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma cha mboga kufyonzwa.

Omena apikwe mzima, na kichwa chake. Ana chuma, zinki na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Uji wa wimbi uliochachushwa ni bora kuliko ule unaopikwa papo hapo, kwa kuwa kuchacha huvunja sehemu ya faitati. Hapa mabibi zetu walitutangulia bila maabara yoyote.

Jambo moja ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba tangu mwaka 2012 sheria inawataka wasagaji wa unga wa pakiti wa mahindi na ngano kuuongezea chuma na zinki, ilhali unga wa posho, ule unaosagwa katika vinu vya mtaani, kwa kawaida hauongezwi chochote. Simwambii mtu aache posho, maana unga usiokobolewa una faida zake, lakini mzazi aliyepoteza damu asidhani kwamba ugali wa aina zote ni sawa. Tena, chakula peke yake hujaza ghala polepole sana. Ikiwa hemoglobini imeshuka, chakula ni mwenza wa dawa, hakiwezi kuwa badala yake.

MwalimuKemia_Bungoma

Niiguse chupa, kwa kuwa hakuna aliyeigusa bado. Kuchanganya madini yote katika kidonge kimoja kunavutia katika tangazo tu. Kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa chuma vinapomezwa pamoja, kwa hiyo kidonge hicho kinajipinga chenyewe. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huunyima mwili shaba, na ukosefu wa shaba huleta upungufu wa damu na madhara ya neva. Kiwango cha juu cha zinki kinachokubalika kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku. Seleniamu nayo ni sumu inapozidi.

Kuhusu ushahidi, tusichanganye mambo. Watu wenye sonona huonekana kuwa na zinki ndogo katika damu kuliko wengine, lakini hilo halituambii ni kipi kilichotangulia, kwa sababu mtu mwenye huzuni hula vibaya. Magnesiamu inasifiwa sana mitandaoni, na msingi mmoja wa sifa hizo ni jaribio la Vermont, Marekani, lililochapishwa mwaka 2017, ambalo liliwapa watu wazima 126 miligramu 248 kwa siku kwa wiki 6, na dalili za sonona zikapungua. Washiriki walijua wanachokimeza, na hapakuwa na kidonge bandia kisicho na dawa cha kulinganisha. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kula mboga na mbegu za malenge, si sababu ya kutumia pesa za chakula.

Madini ambayo yamethibitishwa kabisa kutibu akili ni lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika kuihusu mwaka 1949, na hiyo hutolewa na daktari kwa kupimwa damu mara kwa mara, kwani kiasi kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana.

NyarSiaya

Niongeze kipimo kimoja tu: tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Baada ya kujifungua tezi hiyo huweza kuvurugika hata kama nyumbani mnatumia chumvi yenye iodini, na ikilegea mtu huwa mchovu, mzito, mwenye huzuni na anayesikia baridi kupita kiasi. Kipimo kinaitwa TSH. Shangazi yangu alihesabiwa kuwa mvivu kwa muda mrefu kabla hakijafanywa.

BabaAchieng, Kisumu

Asanteni nyote. Tulikwenda kituo cha afya. Hemoglobini ni 9.8, malaria haipo, na mayai ya minyoo yameonekana, kwa hiyo amepewa dawa ya minyoo pamoja na vidonge vya chuma na foliki. Swali la mawazo ya kujidhuru nilimuuliza. Hana, lakini alilia, na tumepewa siku ya kuonana na mshauri. TSH tutafanyiwa hospitali ya kaunti. Sasa analalamika kwamba vidonge vinamfungia choo na kumchafua tumbo. Je, aviache kwanza?

Muuguzi_Nakuru

Asiviache bila kuzungumza na kliniki. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Akimeza kidonge tumbo likiwa tupu akapata kichefuchefu, ameze pamoja na chakula kidogo kisicho na maziwa wala chai, na anywe maji ya kutosha. Wakati mwingine kliniki hubadilisha mpangilio ili ameze siku moja na kuruka moja, na wapo wanaofyonza vizuri kwa njia hiyo. Hemoglobini irudiwe baada ya wiki 4 hivi, na ikishafika kiwango kinachotakiwa ataendelea na vidonge kwa takribani miezi 3 ili akiba ijae. Miadi ya mshauri msiiahirishe hata akianza kupata nguvu. Na kwa kuwa mna mtoto mkubwa nyumbani, vidonge vya chuma viwekwe juu, mahali asipofikia, kwa sababu vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.