Kuta mpya za bodi za jipsamu: zianze na praima, gundi au rangi moja kwa moja?

Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu, wakuu. Ninakarabati nyumba, na katika kugawa sebule tumesimamisha kuta za bodi za jipsamu juu ya fremu za chuma. Bodi zimeshafungwa kwa skrubu, maungio yamebandikwa utepe na kupakwa puti, na sasa tumefika kwenye rangi, ambako kila ninayemuuliza ana jibu lake. Fundi anasema tupige mikono mitatu ya rangi ya maji moja kwa moja, kwa kuwa karatasi ya bodi ni safi na haihitaji kitu kingine. Jirani anasisitiza kwamba nitangulize gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji ili ukuta uzibe. Muuzaji wa rangi naye anataka ninunue praima, yaani rangi ya kutanguliza chini ya rangi yenyewe. Isitoshe, ukuta mmoja uko ubavuni mwa dirisha kubwa, na rangi niliyoichagua ina mng'ao kidogo. Naomba mwenye uzoefu anieleze kipi kinahitajika kweli na kipi ni kuongeza gharama tu, na kama kuna haja ya kupiga skimu (safu nyembamba ya puti) ukuta mzima au maungio pekee yanatosha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, muuzaji safari hii amesema kweli, ingawa na yeye ana faida yake. Ukuta wako kwa sasa una nyuso mbili: karatasi ya bodi, na puti iliyokauka kwenye maungio na juu ya vichwa vya skrubu. Nyuso hizo hazinywi maji ya rangi kwa kiwango kimoja. Palipo na puti rangi hufyonzwa haraka na kukauka ikiwa imefifia, ilhali pembeni yake, kwenye karatasi, hubaki na mng'ao wake. Ndiyo maana mtu anamaliza mkono wa tatu, anasimama mlangoni jioni taa ikiwa imewashwa, na bado anaona mistari ya wima kila penye maungio na vidoa vya mviringo kila penye skrubu. Wengi hapo huilaumu rangi kwamba imechakachuliwa, wakaongeza mkono wa nne na wa tano, na mistari isiondoke. Kazi ya praima ya bodi mpya ni kusawazisha ufyonzaji huo ili rangi ikutane na uso mmoja. Mkono mmoja wa praima na miwili ya rangi utakupa matokeo bora kuliko mikono mitatu ya rangi peke yake, na mara nyingi gharama haipandi, kwa sababu praima kwa kawaida ni rahisi kuliko rangi ya kumalizia.

Kuhusu gundi, mwambie jirani ahsante na uiache. Gundi ya mbao huacha utando laini ambao rangi haipati pa kuushikia, na tena hulainika inapolowa, kwa hiyo rangi iliyo juu yake inaweza kuja kubanduka vipande vizima. Ushauri huo nadhani umetokana na mafundi wa plasta, ambao huipaka gundi hiyo kabla ya kupiga plasta ili ukuta wa zamani usinyonye maji ya plasta mapema. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Zipo praima za bodi zilizotengenezwa kwa kiambato cha jamii ya gundi hiyo, lakini hizo zimeundwa ili zipakwe rangi juu yake.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono hapo juu, ila kabla ya kufungua kopo lolote, kagua puti. Subiri giza liingie, chukua tochi, uilaze ubavuni mwa ukuta hadi mwanga utambae juu ya uso wake. Kila bonde, kila mkwaruzo na kila ukingo wa puti utatoa kivuli. Zungushia penseli nyepesi, usitumie kalamu ya wino, kwa maana wino huchomoza kupitia rangi ya maji. Kisha pitisha bapa la kupakia puti juu ya mistari ya skrubu: ukisikia mlio wa chuma kugusa chuma, kichwa hicho kimetokeza, nacho kikazwe kwa bisibisi hadi kizame kidogo tu bila kuitoboa karatasi, ndipo kipakwe puti upya.

Angalia hasa maungio ya ncha. Kingo ndefu za bodi huwa zimepunguzwa unene kiwandani ili utepe na puti vipate pa kukaa, lakini ncha fupi na sehemu zilizokatwa kwa kisu hazina nafasi hiyo, kwa hiyo puti yake hubaki kama kilima. Kilima hicho huwezi kukiondoa kwa msasa, kwa sababu utaufikia utepe kwanza. Dawa yake ni kukipanua: ongeza puti pande zote mbili mpaka mteremko uwe mrefu kiasi kwamba jicho halioni. Maungio ya kawaida huishia kwenye upana wa takriban sentimita 30 katika awamu ya tatu. Haya ya ncha yanahitaji zaidi.

Msasa uwe wa namba 120 au 150, kisha 220 kwa kumalizia, na upige juu ya puti tu. Msasa ukipita kwenye karatasi huinua nyuzinyuzi ambazo zikilowa rangi husimama na kuufanya ukuta uwe na vinyweleo. Vumbi lake ni jepesi mno na halifai kifuani, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi, na baadaye ulitoe kwa mashine ya kufyonza na kitambaa chenye unyevu mdogo. Praima iliyopakwa juu ya vumbi imeshika vumbi, haijashika ukuta.

Mchangiaji wa tatu

Hakuna aliyejibu swali la skimu. Gypsum Association ya Marekani ina waraka, GA-214, unaogawa umaliziaji wa bodi katika ngazi kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 4, ambayo ni maungio na skrubu kupakwa puti kikamilifu, inatosha kwa rangi isiyong'aa. Ngazi ya 5, ambayo uso wote hupakwa safu nyembamba ya skimu, hupendekezwa pale penye rangi yenye mng'ao au mwanga mkali unaoupiga ukuta kwa ubavu. Ukuta wako wa dirishani una vyote viwili. Ama uupige skimu huo peke yake, ama ubadili rangi iwe isiyong'aa. Mimi ningebadili rangi, maana skimu iliyopigwa na mkono usioizoea huleta mawimbi mabaya kuliko maungio yenyewe. Kuta nyingine ziache zilivyo.

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana, wakuu. Nimefanya kipimo cha tochi na kwa kweli ukuta niliodhani umekamilika una kasoro nyingi. Yamebaki mambo mawili. Kuna sehemu karatasi imechanika wakati wa kuhamisha bodi, na panaonekana karatasi ya kahawia ya ndani. Pili, fundi amekubali kuweka mkono wa mwanzo, lakini anataka atumie rangi ileile akiizimua kwa maji badala ya praima.

Mchangiaji wa kwanza

Pale palipochanika usipake puti mara moja, kwa sababu maji ya puti yataivimbisha karatasi hiyo ya kahawia na kutoa mapovu. Kata kwa kisu chenye makali kila kipande kilicholegea, paka praima isiyotumia maji, iache ikauke, kisha usawazishe kwa puti. Praima hiyohiyo itumike kama kuna bodi zilizokaa juani muda mrefu hadi karatasi ikageuka rangi, kwa kuwa unjano huo hupenya rangi ya maji.

Rangi iliyozimuliwa ina mahali pake, nako ni kwenye plasta mpya au ukuta uliopigwa skimu wote, na hata huko iwe rangi isiyong'aa. Kwenye maungio yasiyo na skimu siiamini, na hiyo yako yenye mng'ao ndiyo isiyofaa kabisa kuzimuliwa.

Mchangiaji wa nne

Niongeze la baada ya praima. Ikikauka, rudia tochi, kwa sababu uso wenye rangi moja hufichua kasoro ambazo rangi mbili za karatasi na puti zilikuwa zimezificha. Rekebisha kwa puti, piga msasa wa 220, na mahali hapo pawekwe praima tena. Ukiparuka patabaki doa. Nyufa za pembeni mwa dari na mbao za chini ya ukuta zizibwe kwa kizibio cha akriliki kinachopakika rangi, kamwe isiwe silikoni ya kawaida, ambayo rangi huikimbia.

Anza na dari, kisha kuta. Makopo yote ya rangi yamiminwe kwenye ndoo moja na kukorogwa, maana makopo mawili yenye namba moja ya rangi yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ikiangukia katikati ya ukuta hauna pa kuificha. Rola ya manyoya ya milimita 10 hadi 12 inafaa. Brashi itangulie kwenye pembe kwa kipande kifupi tu, rola ifuate kabla hakijakauka, na ukishaanza ukuta usiuache mpaka ufike kona ya pili.