Kisima cha pwani kimeingia chumvi: isotopu zinaweza kuonyesha imetoka wapi?

Mwambao45
Wakuu, habari za kazi. Kisima kirefu cha inchi 6, kina mita 45, kwenye mawe ya matumbawe, kama mita 900 kutoka ufukweni. Maji hutulia mita 18 kutoka juu. Miaka miwili iliyopita EC (uwezo wa maji kupitisha umeme, unaopanda na chumvi) ilikuwa mikrosimensi 900 kwa sentimita, sasa inasoma 5,200 na kloraidi imefika miligramu 1,500 kwa lita. Kisima cha jirani upande wa bara bado kina kloraidi 50 tu. Mchimbaji anasema ni chumvi ya udongoni, fundi pampu anasema bahari imeingia. Nimeshauriwa nipime isotopu za maji (atomi za aina moja zenye uzito tofauti) ili ubishi uishe. Je, zinaweza kuamua? Na sampuli inachukuliwaje isiharibike?

MajiArdhi_Pwani
Zinasaidia, ila si kwa namna wengi wanavyodhani. Karibu atomi mbili kati ya kila elfu za oksijeni kwenye maji ni oksijeni-18, yenye nyutroni mbili zaidi ya ile ya kawaida. Maji yakipigwa jua, molekuli nyepesi hutangulia kuruka na nzito hubaki nyuma. Maabara hukupa tofauti na kipimo cha maji ya bahari, kwa elfu (‰). Bahari iko karibu na 0, maji matamu ya pwani yetu yako chini ya sifuri. Tuseme ya jirani ni -3.0.

Sasa piga hesabu. Bahari ina kloraidi kama miligramu 19,400 kwa lita. Toa 50 kwenye 1,500, gawanya kwa 19,350: asilimia 7.5 ya maji yako ingekuwa ya bahari. Mchanganyiko huo unapandisha oksijeni-18 kutoka -3.0 hadi -2.8 hivi, na mashine ya leza ina kosa la karibu 0.1. Tofauti hiyo unaiona kwa shida, na sampuli ikichukuliwa ovyo haipo tena. Kloraidi ilishakuonyesha mapema zaidi.

Nguvu ya isotopu hapa ni kuondoa maelezo mengine. Ili kloraidi ipande kutoka 50 hadi 1,500 kwa kukauka juani, asilimia 97 ya maji lazima iruke, na oksijeni-18 ingevuka sifuri kwa mbali. Ukipata -2.8, hoja ya kukauka imekufa.

Mtego mmoja unawanasa hata wataalamu. Mvua hufuata mstari alioutangaza Harmon Craig mwaka 1961: deuteriamu (hidrojeni nzito) ni 8 mara oksijeni-18, jumlisha 10. Maji yaliyokauka kidogo hutoka kwenye mstari huo kwa mteremko wa 4 hadi 6. Lakini ukiunganisha maji matamu (oksijeni-18 -3, deuteriamu -14) na bahari (0, 0) unapata mteremko wa 4.7! Kwenye grafu hiyo peke yake, kukauka na kuchanganyika vinafanana. Chora oksijeni-18 dhidi ya kloraidi, hapo ndipo vinaachana. Kwa mvua ya kulinganishia, takwimu za Dar es Salaam tangu miaka ya 1960 zimo kwenye hifadhi ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, na zinapatikana bure.

SampuliSafi
Naongezea upande wa sampuli, maana matokeo mengi mabaya huzaliwa kisimani wala si maabara.

Maji yaliyokaa ndani ya bomba si maji ya mwamba. Kesingi (bomba la ukuta wa kisima) ya inchi 6 hubeba lita 18 hivi kwa kila mita. Wewe una mita 27 za maji, yaani lita 486. Utaratibu wa kawaida ni kutoa mara tatu ya hapo, kama lita 1,460. Pampu ya lita 2,000 kwa saa itachukua dakika 45. Pima EC, joto na pH kila dakika tano, na uchukue sampuli namba zikitulia. Ila kwa kisima chako msitegemee utulivu: ukivuta sana, maji ya chumvi ya chini yanapanda. Kwa hiyo chukua chupa ya dakika ya 10, ya 45 na ya 90, kila moja na EC yake. Mfululizo huo una thamani kuliko chupa moja "safi".

Chupa ziwe za plastiki ngumu za mililita 50, zenye kizibo cha ndani. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale, jaza hadi ukingoni, funga, ipindue uangalie kama kuna kiputo, kisha zungushia plasta kwenye kifuniko. Usiweke tindikali. Barafu haihitajiki, kivuli kinatosha. Chupa za maji ya dukani ziepuke, mvuke hupenya polepole na kifuniko chake hulegea. Asilimia 10 ya maji ikipotea, oksijeni-18 hupanda kwa 1 hivi au zaidi, mara tano ya tofauti unayoitafuta.

Unahitaji pia sampuli ya jirani na ya bahari yenyewe, iliyochukuliwa mbali na mdomo wa mto. Waambie maabara EC ya kila chupa, ili zipangwe kuanzia tamu kwenda chumvi. Mashine hubaki na mabaki ya sampuli iliyotangulia, ndiyo maana kila chupa hudungwa mara sita au zaidi na vipimo vya mwanzo hutupwa.

Miamba_Chokaa
MajiArdhi, nakubaliana na hesabu, lakini kuna njia moja umeiruka. Mizizi ya miti hunywa maji bila kuchagua isotopu. Minazi na miembe ikinyonya maji ya udongoni, chumvi inabaki na kujikusanya huku oksijeni-18 ikibaki -3.0 ile ile. Kwa hiyo isotopu haziui hoja ya chumvi ya udongoni moja kwa moja, zinaua ya jua tu.

Pima bromaidi, chumvi nyingine iliyomo baharini, ni rahisi. Kwenye bahari kloraidi ni kama mara 290 ya bromaidi kwa uzito. Asilimia 7.5 ya bahari itakupa bromaidi ya miligramu 5 kwa lita. Chumvi ya mawe ikiyeyuka, uwiano hupita 1,000. Chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari nayo huwa karibu na 290, kwa hiyo bado unahitaji ushahidi wa kina na wa pampu.

Na mtu asikuuzie kipimo cha strontiamu, madini yanayoyeyuka majini kutoka kwenye mawe. Uwiano wa strontiamu-87 kwa 86 kwenye bahari ya leo ni 0.7092, na matumbawe yaliyojengeka baharini zama za karibu yanao karibu ule ule. Huwezi kutenganisha bahari na mwamba wako. Kaboni-14, inayopima umri wa maji, nayo ina tabu hapo: jiwe la chokaa likitoa nusu ya kaboni iliyomo majini, umri unaonekana mkubwa kwa miaka 5,730 bure.

Mwambao45
Shukrani sana wakuu. Mpimaji anasema ardhi kisimani iko mita 18.6 juu ya usawa wa bahari. Je, tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) ina faida?

MajiArdhi_Pwani
Tritiamu iache. Nusu yake huoza kila miaka 12.3, hivyo inaeleza maji matamu yaliingia ardhini lini. Chumvi haielezi.

Hiyo 18.6 ndiyo namba tuliyoikosa. Maji yako yametulia mita 0.6 tu juu ya bahari. Kwa tofauti ya uzito wa maji matamu na ya bahari, kila mita moja juu hubeba kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa wa bahari. Zako ni mita 24. Kitako cha kisima kiko mita 26.4 chini ya bahari. Kimepita mpaka wa maji matamu na ya chumvi, na hapo bado hujawasha pampu. Kila sentimita 10 ambazo pampu inashusha maji, mpaka unaweza kupanda hadi mita 4.

Kabla ya kulipia isotopu, zima pampu kwa saa 24, teremsha kipima EC mita kwa mita hadi chini, maji yakijaa na yakipwa, siku ya bamvua. EC ikiruka ghafla kuanzia mita 35 au 40, una jibu.

Miamba_Chokaa
Hapo tiba ni kuziba kitako hadi mita 30, kupandisha pampu hadi mita 22 hivi, na kuvuta kidogo kwa saa nyingi. Saruji ishushwe kwa bomba hadi chini, ikimwagwa kutoka juu inachujika majini na kubaki mchanga mtupu. Lakini muulize kwanza mchimbaji kama nje ya kesingi alijaza kokoto. Kama zipo, chumvi itapanda kupitia kokoto na kuizunguka plagi yako, na kuziba ndani peke yake hakutafaa.